Pete ya uchumba ya tomalini, ina thamani kweli au nahangaika bure?

Waridi_27:
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Kuna pete nimeipenda, jiwe ni tomalini ya pinki karati mbili hivi na mchumba wangu yuko tayari kuinunua iwe ndio pete ya uchumba, ila dada yangu kaniambia hayo ni mawe ya watu walioshindwa kununua rubi, eti siku nikitaka kuuza sipati kitu. Mimi ile rangi imenikaa kichwani wiki nzima jamani. Halafu muuzaji anayo nyingine ya buluu anaiita Paraiba, hiyo bei yake imeruka mno, nikimuuliza kwa nini anasema tu "ndo Paraiba hiyo". Wenye kujua mawe nisaidieni.

fundi_vito:
Dada yako mwambie hivi, mwaka 1777 mfalme Gustav III wa Sweden alimzawadia malkia Catherine wa Urusi jiwe kubwa jekundu, na watu wakaamini ni rubi kwa miaka mingi sana, kuja kupimwa kumbe ni rubelaiti yaani tomalini nyekundu. Kwa macho tu hata watu wa ikulu walishindwa kutofautisha.

Thamani ya tomalini ipo kwenye rangi kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo fanya hivi, iombe hiyo pete uitazame dirishani mchana, kisha itazame chini ya taa ya njano. Tomalini nzuri inabaki na rangi yake kote kote, ambayo sio nzuri ikifika kwenye taa inaingiza ukahawia na hapo bei inatakiwa ishuke. Izungushe pia taratibu, utaona upande mmoja rangi imekolea na mwingine imefifia, hiyo ni asili yake na ndo raha yenyewe, lakini aliyechonga akikosea upande jiwe linakuwa na giza katikati kama limezimika. Vijimstari na mawingu ndani usiviogope, tomalini za pinki na nyekundu nyingi zinavyo, wewe ogopa ufa unaofika juu ya uso. Na muulize wazi kama nyufa zimejazwa gundi au mafuta, sio dhambi ila lazima ujue.

Bi_Hereni:
Mimi nitaongea kama mvaaji. Ya kwangu ni ya kijani, nimeivaa kila siku miaka sita nafua nayo naosha vyombo nayo, leo kingo zimefifia haziko kali kama zamani. Kwenye kile kipimo cha ugumu wa mawe cha 1 mpaka 10, tomalini ni 7 mpaka 7.5 wakati rubi ni 9, na vumbi la kawaida lina chembe za kwatzi (madini ya mchanga) ambazo ni 7, sasa hebu fikiria kila unapoifuta kwa kitambaa kikavu. Pete ya kila siku chagua dizaini ambayo dhahabu imelizunguka jiwe lote, zile kucha nne zinazolishika jiwe kwa juu hapana. Na usikubali isafishwe kwa mvuke wala mashine ya mtetemo, hereni yangu moja ilipasuka hivyo kwa fundi na nililia sana. Maji ya vuguvugu, sabuni, mswaki laini, basi.

Ukiona inashika vumbi haraka usishangae. Tomalini ikipata joto inapata chaji ya umeme, Waholanzi wa zamani walikuwa wanatolea nayo majivu kwenye viko vyao!

karati3:
Kuhusu Paraiba. Hilo ni jimbo la Brazil, mwishoni mwa miaka ya 1980 zilitoka huko tomalini za buluu na kijani zinazong'aa kama zina taa ndani, na kinachozipa ile rangi ni shaba. Baadaye zenye shaba zikapatikana Nigeria na Msumbiji nazo zikauzwa kwa jina hilohilo, japo za Brazil bado bei yake iko juu zaidi. Buluu ya kawaida inatokana na chuma, nzuri pia, lakini ni bei nyingine kabisa. Kwa hiyo kama muuzaji hana cheti cha maabara huru kinachotaja shaba, usilipe pesa ya Paraiba, achana naye.

Kuuza tena: kito chochote ukikirudisha dukani unapata chini ya ulichotoa, hata hiyo rubi ya dada.

Waridi_27:
Asanteni sana jamani. Nimerudi leo nikaipeleka dirishani na kwenye taa, imebaki pinki ileile, jioni ndo imezidi kukolea. Ina wingu dogo pembeni ila halifiki juu. Ya buluu cheti hana. Nimeomba hii ya pinki itengenezewe dhahabu ya kuzunguka kama alivyosema Bi Hereni, wamekubali, naichukua wiki ijayo 😍