Moodle: umeme ukikatika katikati ya mtihani, kitufe cha kufungua upya kinasaidia?

Mwl. Nachingwea
Wakuu, habari za kazi. Maabara yetu ina kompyuta 32 za mezani, Windows 10. Seva ni kompyuta mpakato yenye Moodle 4.5 (mfumo wa masomo na mitihani ya kompyuta), zote kwenye swichi moja ya mtandao (kisanduku cha kuziunganisha kwa waya) bila intaneti. Tunataka mtihani wa nusu muhula wa Kidato cha Tatu ufanyikie humo, dakika 60. Nimeona kitufe cha kumfungulia mwanafunzi mtihani wake upya. Umeme ukikatika kwa dakika 20, kitatuokoa? Na Safe Exam Browser, kivinjari kinachomfungia mwanafunzi kwenye mtihani tu, niiweke?

Fundi Mtwara
Kitaokoa, ila kina masharti. Kitufe cha "Re-open" kilikuja na toleo la 4.2, na hukioni mpaka karatasi ya mwanafunzi iwe katika hali ya "Never submitted" (haikuwasilishwa). Moodle ikiachwa ilivyo, muda ukiisha inakusanya karatasi zenyewe, na ikishakusanya, kitufe hakipo. Kwenye mipangilio ya muda chagua ile inayosema asiyewasilisha ndani ya muda hahesabiwi. Ukiisoma inatisha, lakini ndiyo inayokuachia mlango wa kurudi. Hakikisha pia cron (kazi za Moodle zinazojiendesha zenyewe nyuma ya pazia) inatembea kila dakika. Kama Moodle umeiweka kwa XAMPP (kifurushi cha programu za seva), haitembei mpaka uipange mwenyewe, na karatasi zitabaki zinaning'inia.

Halafu saa haisimami. Kompyuta imezimika, seva inaendelea kuhesabu. Ingia "Overrides" (sehemu ya kumpa mtu au kundi muda wake tofauti), ongeza muda wa kundi kutoka 60 hadi 80, na kama uliweka saa ya kufunga mtihani nayo isogeze. Hiyo KWANZA, ndipo ubonyeze "Re-open". Ukianza na kufungua, mfumo unaona muda umekwisha na kuikusanya karatasi papo hapo. Umeme ukirudi kabla ya dakika 60 kuisha, huhitaji hata kufungua upya: ongeza muda, waingie, waendelee.

Mama Mikindani
Nyongeza kwenye majibu. Mwanafunzi akigusa jibu, Moodle hulihifadhi baada ya sekunde 60, au mara moja akihamia ukurasa unaofuata. Panga maswali matano kwa ukurasa, si 40 kwa mkupuo. Insha ndiyo inayoumia, sentensi za mwisho zinapotea.

Mwalimu, usinunue UPS (betri ya akiba) ya swichi peke yake. Kompyuta za mezani zikizimika, swichi iwake kwa ajili ya nani? Ila waya wa swichi ukichomoka huku kompyuta zinawaka, skrini itatoa onyo kwamba mtandao umekatika. Wasifunge ukurasa wala kuupakia upya. Rudisha waya, uhifadhi utaendelea.

Safe Exam Browser kwa Windows inafaa. Kwa simu za Android sahau. Weka nywila ya kutokea, aijue msimamizi tu. Mipangilio yake hujifunga mwanafunzi wa kwanza akishaanza, kwa hiyo jaribu kwa akaunti ya majaribio, kisha ufute karatasi yake.

Mwl. Nachingwea
Asanteni sana. Wanafunzi wapo 96, zamu tatu. Niunde mitihani mitatu?

Fundi Mtwara
Hapana, mmoja tu. Unda makundi matatu kwenye kozi, kila kundi lipe saa yake ya kuanza na kufunga humo humo kwenye "Overrides". Umeme ukikatika zamu ya pili, unagusa kundi hilo tu. Maswali yatoke kwa bahati nasibu kwenye benki ya maswali, tena benki nene, maana zamu ya kwanza ikitoka tu, ya pili inaulizia mlangoni.