Mjadala: Je, mtoto wa fundi mapipa bado ana njia ya kufika jukwaani Uingereza?

MLETA MADA

Ndugu wasomaji, naleta swali ambalo Waingereza wamelibishania kwa zaidi ya miaka 10: je, uigizaji nchini kwao umekuwa kazi ya watoto wa walionacho? Nalipima kwa maisha ya Pete Postlethwaite, mtu ambaye sura yake wengi tunaifahamu hata pale jina linapotuponyoka. Ndiye aliyecheza Giuseppe Conlon, baba aliyefungwa pamoja na mwanawe kwa kosa wasilolitenda, katika In the Name of the Father ya 1993, akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi. Sisi wa Afrika Mashariki huenda tunamkumbuka zaidi katika The Constant Gardener ya 2005, ambayo sehemu kubwa yake ilirekodiwa Kenya. Humo ndiye Lorbeer, daktari aliyekimbilia nyikani huku dhamiri ikimsuta.

Alizaliwa Warrington, mji wa kaskazini-magharibi mwa England, mwaka 1946. Baba yake alikuwa fundi mapipa, na baadaye mtunza majengo ya shule. Kijana aliwahi kufikiria upadre, akasomea ualimu, akafundisha maigizo, ndipo akajiunga na chuo cha uigizaji cha Bristol Old Vic. Hakuwa na uso wa kubandikwa kwenye mabango, na mashavu yake yaliyochongoka yangemfungia milango mingi kama asingepata mahali pa kuthibitisha anachokiweza. Mahali hapo palikuwa ukumbi wa Everyman, Liverpool, ambako katika miaka ya 1970 alicheza katika kundi moja na Julie Walters, Bill Nighy na Jonathan Pryce, ambao nao walikuja kuwa waigizaji mashuhuri.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mwigizaji wa nafasi za pembeni hapatikani kwa kuonekana siku moja na mtayarishaji, bali hupikwa polepole katika kundi la kudumu, ambako mtu yuleyule hucheza mzee msimu huu na mwizi msimu ujao, akilipwa mshahara mdogo lakini wa uhakika, katika ukumbi unaobebwa kwa kiasi kikubwa na ruzuku ya umma. Wakati huo pia halmashauri za mitaa ziliweza kumlipia kijana masomo ya uigizaji. Ada ya chuo kikuu ilianza mwaka 1998 kwa pauni 1,000, ikaruhusiwa kufika 9,000 mwaka 2012, na mwaka 2016 ruzuku ya kujikimu kwa wanafunzi wapya wa England ikageuzwa mkopo. Nani atamruhusu mwanawe akope kiasi hicho kwa ajili ya kazi ambayo wengi wanaoifanya hukaa miezi bila ajira? Atakayeruhusu ni yule mwenye nyumba London na akiba ya kumlisha mtoto wakati wa kusubiri. Si ajabu kwamba Eddie Redmayne, Tom Hiddleston, Damian Lewis na Dominic West wote walisoma Eton, shule ya binafsi ya bweni yenye ada kubwa. Siwalaumu, maana ni waigizaji wazuri. Naulizia wale ambao hatukuwaona.

Kwa hiyo nasema ruzuku irudishwe, kwa wanafunzi na kwa kumbi za mikoani.

MCHANGIAJI

Ndugu mleta mada, umeeleza vizuri, lakini umechagua shahidi anayekupendelea. Mwigizaji Daniel Kaluuya alilelewa katika nyumba za halmashauri, zile za kodi nafuu, jijini London na mama aliyetoka Uganda. Hakupitia chuo kikubwa cha uigizaji wala kundi la kudumu la mikoani, na mwaka 2021 alitwaa Oscar ileile ya mwigizaji msaidizi ambayo Postlethwaite aliikosa. Njia zimebadilika, hazikufungwa. Isitoshe, enzi unayoisifu ilikuwa na kufuli lake: bila kadi ya chama cha waigizaji cha Equity ilikuwa vigumu mno kupata kazi, na bila kazi hupati kadi. Halafu kwa nini dereva wa basi wa Warrington alipe kodi ili mwingine ajifunze kucheza Shakespeare?

MLETA MADA

Kuhusu kadi nakubali, na ilikuwa dhuluma kwa wengi. Lakini Kaluuya alijifunza utotoni katika darasa la maigizo la Anna Scher, lililojulikana kwa kupokea watoto wa mtaa ule kwa ada ndogo, kwa hiyo naye alikuta mlango ambao mtu aliamua kuuacha wazi. Dereva wa basi, kwa maoni yangu, ana haki ya kumwona mtu wa kwao kwenye skrini akicheza nafasi iliyo zaidi ya mlevi wa kuchekesha. Postlethwaite alimpa hilo katika Brassed Off ya 1996, akiwa kiongozi wa bendi ya wachimba makaa wa Yorkshire.

Mwaka 2008, tayari akijulikana duniani, alirudi Everyman kucheza King Lear ya Shakespeare. Alifariki Januari 2011. Mwaka 2017 ukumbi huo, ukiwa katika jengo jipya, ulijaribu kurejesha kundi la kudumu kama lile lililomlea. Lilicheza misimu miwili, kisha likavunjwa kwa kukosa fedha. Ndugu yangu, ikiwa njia zimebadilika tu, ningependa unionyeshe ni wapi leo mwalimu wa miaka 25 kutoka Warrington anapokwenda kujifunza kazi hiyo huku akilipwa.