Msaada: kempa kuukuu kwa familia ya watu wanne, Toyota Dolphin ya 1984 au VW T3 ya 1987?

Mleta mada

Wakuu, habari za saa hizi. Natafuta gari la kulala, yale madogo ya zamani, la kusafiri na mke na watoto wawili (miaka 6 na 9). Nimebakiwa na mawili:

Toyota Dolphin ya 1984, injini 22R ya petroli, nyuma boksi, kitanda juu ya kabini, tairi za nyuma mbilimbili.

VW T3 ya 1987, injini ya lita 2.1 ya petroli inayopozwa kwa maji, paa la kunyanyua la Westfalia (kampuni iliyogeuza VW kuwa kempa). Imepigwa rangi upya.

Yote yanawaka na kutembea. Nianzie wapi kukagua, na kitu gani nikikiona niondoke bila hata kuuliza bei ya mwisho?

Spana14

Mkuu, kwenye Dolphin hesabu nati za tairi za nyuma kabla hujafungua mlango. Zikiwa tano, achana nayo, hata kama ndani kunang'aa.

Ekseli ya nati tano ni ya pikapu ya kawaida. Shafti inazungusha gurudumu na hapohapo inabeba uzito wa nyumba nzima. Zile tairi mbilimbili ziliongezwa ili gari lisiyumbe, lakini beringi na shafti vilibaki vilevile. Tairi la nje liko mbali na beringi, kwa hiyo linaipinda shafti zaidi. Ikichoka inakatika, na gurudumu linaondoka na kipande chake gari likiwa kasi.

Unayoitaka ina nati sita, na katikati ya rimu habu imechomoza nje kama kikombe, ikiwa na boliti ndogondogo kuizunguka. Hapo uzito unabebwa na habu na kasha la ekseli, shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Usidanganywe na mwaka kwenye kadi: baadhi ya magari ya miaka hiyo yalibadilishiwa ekseli baadaye, mengine hayakuguswa. Piga picha, hesabu mwenyewe.

22R ni injini ngumu, ila ina ugonjwa wa mnyororo wa taimingi. Unaongozwa na vipande vya plastiki, na vikikatika mnyororo unaanza kusaga mfuniko wa mbele wa injini hadi utoboke, maji yaingie kwenye oili. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Likiwashwa baridi, sikiliza sekunde tano za kwanza: mlio wa cherekechereke mbele ya injini ndio huo. Zima, fungua kizibo cha oili, mulika tochi ndani uone kama vile vipande bado vipo. Oili ya rangi ya maziwa, ondoka.

Plaiwudi

Nakubaliana na ekseli, lakini naona watu wengi wanatumia saa mbili kwenye injini na dakika tano kwenye boksi. Injini inatolewa, inawekwa nyingine. Boksi lililooza ni kubomoa ukuta, kubadilisha fremu ya mbao, kisha kufunga upya, na ukishafungua huwa unakuta kuoza kumeenda mbali kuliko ulivyodhani.

Ukuta wa Dolphin ni karatasi nyembamba ya faibaglasi nje, vijiti vya mbao katikati, plaiwudi ndani. Maji hayaingii katikati ya ukuta, yanaingia kwenye viungo: pembe za paa, fremu za madirisha, tundu la hewa la paa, taa za juu, na zaidi ya yote dirisha la mbele la kile kitanda cha juu ya kabini. Hapo upepo wa barabarani unayasukuma maji ndani ya kiungo, mbao inaoza, na pua ya boksi inaanza kuning'inia. Simama mbele ya gari, weka kiganja chini ya ile pua, sukuma juu. Isitikisike wala isilie. Halafu panda kitandani, inua godoro, bonyeza kwa kidole gumba kila sentimita 20 pembeni kote.

Kipimo cha unyevu cha pini mbili ni kitu kidogo, kinunue au uazime. Chini ya 15% ni salama. 15 hadi 20, fuatilia. Juu ya 20 maji yanaingia sasa hivi. Ukivuka 30 hesabu kwamba mbao imeshaoza. Usichome kwenye chuma wala kwenye karatasi za ukutani zenye rangi ya fedha, itakupa namba za uongo.

Na kuna kipimo kisichohitaji betri: omba ruhusa, vuta ule utepe wa plastiki unaofunika reli ya pembeni, fungua skrubu moja ya chini kabisa. Skrubu kavu inayong'aa ni habari njema. Ikitoka na kutu hadi nchani, na imeng'ang'aniwa na unga mweusi wa mbao uliolowa, umeshapata jibu lako. Ikizunguka tu bila kutoka, mbao ya kuishika haipo tena.

Ukiona silikoni nyeupe imepakwa juu ya viungo kama siagi, ujue palivuja na mtu akaziba kwa nje. Kiungo kinafunguliwa, kinasafishwa, kinawekwa utepe wa butili (utepe laini wa kunata unaozuia maji), kinafungwa tena. Silikoni juu ya uchafu inayafungia maji ndani tu.

Kijiti_cha_Oili

Nichukue upande wa T3. Kwanza hiyo rangi mpya. Bodi ya T3 ina mistari ya kiungo inayoshuka wima ubavuni, na mle ndani huwekwa mastiki, gundi ya kuzuia maji. Ikikauka na kupasuka, kutu inaanzia ndani ya kiungo na kuvimba kuja nje. Fundi wa haraka anakwangua, anajaza puti, anapiga rangi, na baada ya miezi michache inachomoza tena. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa kwenye kila mstari, pembe za chini za kioo cha mbele, matao ya tairi, na kuzunguka mdomo wa kujazia petroli. Isiponasa, chini yake ni puti. Inua viti vya mbele uone pale betri inapokaa, asidi hula bati lile kimyakimya.

Injini 2.1 ina hedi za alumini zinazokaa pande mbili, na maji yanazuiwa na mpira mpana unaozunguka kwa nje. Kulanti (maji ya dawa ya kupozea injini) isipobadilishwa kwa wakati, alumini inaliwa vishimo pale mpira unapokaa. Lala chini, angalia kwenye mshono kati ya hedi na bloku: tone, au ukungu wa rangi ya kulanti uliokauka, ni dalili kwamba hedi itabidi ishushwe. Si mwisho wa dunia, ila ukifungua unafanya zote mbili, na hedi iliyoliwa sana haifai kurudishwa. Rejeta iko mbele na injini nyuma, mabomba marefu yanapita uvunguni. Akija fundi asiyelijua gari hili atajaza maji na kuacha hewa ndani, kisha litachemka. Mbele inanyanyuliwa kama sentimita 40, skrubu ya hewa ya rejeta inafunguliwa, ndipo unajaza.

Mipira ya petroli badilisha yote siku unayolinunua, hata kama inaonekana nzima. Injini iko kwenye chumba kilichofungwa, mpira uliokakamaa ukipasuka petroli inadondokea vyuma vya moto. Haya magari yanaungua hivyo.

Mama_Wawili

Mbona hakuna aliyeuliza watoto wanakaa wapi gari likiwa linatembea?

Kabini ya Dolphin ina viti viwili. Watoto wanakwenda kwenye meza ya nyuma, na hapo mara nyingi kuna mkanda wa kiunoni tu, au hakuna kabisa. Inua mto wa kiti, ufuate mkanda hadi mwisho. Boliti ikiishia kwenye plaiwudi, huo ni urembo. Lazima iishie kwenye chuma kilichoungana na chesisi. Kiti kinachotazama ubavuni hakifungwi kiti cha mtoto, na kinachotazama nyuma hakifai kwa kile kiti cha kumnyanyua mtoto ili mkanda umkae sawa. Kwenye T3 benchi la nyuma linatazama mbele na mikanda inashika kwenye bodi yenyewe. Hakikisha ni ya pointi tatu, kwa watoto wote wawili.

La pili ni uzito. Soma bamba la uzito wa mwisho unaoruhusiwa, kisha peleka gari kwenye mizani tenki la petroli likiwa limejaa. Tuseme bamba linasema 2,720 na mizani inasema 2,330. Umebakiwa na kilo 390. Ninyi wanne ni kama 200. Maji lita 75 ni kilo 75. Mtungi wa gesi na gesi yake, 20. Zinabaki 95 za chakula, vyombo, nguo, matandiko, spana na tairi la akiba kama halikuwepo. Zinaisha upesi. Pima na ekseli ya nyuma peke yake.

Na baiskeli msiziweke nyuma bila hesabu. Kilo 60 zikining'inia mita 1.8 nyuma ya ekseli, kwenye gari lenye mita 3.5 kati ya ekseli, zinaongeza karibu kilo 91 kwenye ekseli ya nyuma na kupunguza 31 mbele. Usukani unakuwa mwepesi, na breki za mbele zinapoteza mshiko.

Mleta mada

Asanteni sana. Nimeyakagua yote mawili. Dolphin: nati sita, habu imechomoza, injini kimya. Kipimo: kuta 13 hadi 16, pembe ya kushoto ya kitanda cha juu 27, skrubu ya pale imetoka na kutu. Mikanda ya nyuma ni ya kiunoni, imefungwa kwenye mbao. T3: sumaku imenasa kila mahali isipokuwa kiganja kimoja chini ya mdomo wa petroli. Hedi ya kulia ina ukungu wa kulanti, haidondoki. Benchi lina mikanda miwili ya pointi tatu.

Plaiwudi

27 kwenye pembe moja, pengine inatibika: unafungua mita moja ya fremu. Mimi ningeichukua kama mngekuwa wawili. Kwa wanne, mikanda imeshaamua. Kufunga mikanda ya kweli kwenye boksi kunataka fremu ya chuma hadi chesisi, na hiyo fremu inakula zile kilo chache zinazobaki.

Spana14

Chukua T3, ila bei ijadiliwe kana kwamba hedi mbili zinashushwa, kwa sababu zitashushwa. Kabla hujalipa, pima presha ya mfumo wa maji injini ikiwa baridi: pampu ya mkono kwenye tenki la kulanti, bar 1, uache dakika 15. Sindano ikishuka na ukungu ukawa tone, muoneshe muuzaji.

Angalia pia umri wa tairi. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka: 2314 ni wiki ya 23, 2014. Tairi hiyo ina kashata nzuri lakini umri wake umeisha.

Mama_Wawili

Na friji. Hizi za gesi hazina kompresa, zinataka gari lisimame sawasawa na zinachukua saa nyingi kupoa, kwa hiyo mwombe muuzaji aiwashe kwa gesi usiku wa kuamkia siku yako. Unga wa njano nyuma yake au harufu ya amonia, hiyo imekufa. Kwa umeme wa volti 12 itumieni likitembea tu, likiegeshwa inamaliza betri kwa saa chache. Mpira wa gesi usome tarehe, viungo vyote vipakwe povu la sabuni. Na kabla watoto hawajalala humo hata usiku mmoja, funga king'ora cha moto na cha kaboni monoksaidi. Matundu ya hewa ya sakafuni yasizibwe, hata kama yanaingiza baridi.