Middelheim kule Antwerp: siku moja inatosha kuona masanamu?

Fundi_Katuba
Jambo yenu bandugu. Niko fundi wa shaba hapa Lubumbashi, napiga shaba na nyundo na nasude chuma pia. Mwezi wa 11 naenda Ubelgiji kwa formasio, niko na Jumamosi moja tu ya kupumuzika, na rafiki zangu wananiambia nisiimalize mumaduka ya Brussels, niende Antwerp ku Middelheim, ile mize (nyumba ya makumbusho) ya sanaa ya kisasa yenye masanamu yake yanakaa inje muparki. Mize ya kwetu hapa naijua tangu masomo lakini ndani ya hii ya kwetu vitu mingi viko ndani ya vitrini. Sasa nauliza: siku moja inatosha? Kuingia ni bei gani? Na mutu wa chuma kama mimi niangalie nini, juu sitaki kuzunguka tu na kupiga foto kisha nirudi mikono mitupu.

Mukubwa_wa_Ruashi
Karibu ndugu yangu. Kuingia ni bule, hakuna tiketi, na wanafunga Jumatatu kwa hiyo Jumamosi yako iko sawa. Parki ni kubwa, karibu hekta 30, na ile mwezi giza inaingia mapema sana kwa hiyo ufike asubuhi. Vaa viatu vya kukanyaga matope, utatembea mumajani siku nzima na mvua ya huku Ubelgiji haipigi hodi. Toka Brussels treni haimalizi hata saa moja, shukia Antwerpen-Berchem, usiende mupaka steshoni kubwa ya mujini.

Usijaribu kuona yote. Mimi ningeanza na kazi ya Chris Burden, Mmarekani mumoja, ya mwaka 2009. Wamechimba shimo, wakamwaga betoni, na betoni ikiwa bado mbichi kreni ikawa inaachilia putreli za chuma, zile boriti ndefu, toka juu, moja moja, na kila moja ikabakia vile imeanguka. Zingine zimesimama wima, zingine zimelala juu ya zenzake, zimeshika kutu yote. Wewe uliyekulia karibu na mitambo ya mgodi utasimama pale muda mrefu, nakuambia. Kisha kuna Mfalme na Malkia wa Henry Moore, bronzi, wamekaa tu juu ya benchi wanaangalia mbele, na kuna sanamu ya Balzac, mwandishi Mfaransa, kazi ya Rodin. Na karibu na maji utaona mashua ya Erwin Wurm imejikunja yenyewe inainamia maji, watoto wangu kila mara wanakimbilia ile kwanza.

Dada_Ibanda
Niko Bukavu lakini nilisomea kule. Yaya, mbele ya kuingia parki ujue uko wapi. Pale pale jirani ndipo palikuwa Chuo cha Ukoloni, kilianzishwa 1920, ndiko walifundisha vijana Wabelgiji waliokuja kutawala materitwari yetu huku. Leo ni kampasi ya universite. Mwaka 2021 mize ilifanya maonyesho makubwa, Congoville, yaliyoongozwa na Sandrine Colard, wasanii 15, na kati yao Sammy Baloji na Jean Katambayi, wote wana wa Lubumbashi. Maonyesho yaliisha lakini udongo ni ule ule. Mimi niliona vibaya sana watu wanapita pale na mbwa wao na hawajui kitu, ndiyo maana nakuandikia. Tembea mupaka ku kampasi pia, si mbali.

Soude_Kampemba
Dada amesema vema. Mimi nikujibu kama fundi kwa fundi: angalia miguu. Wageni wote wanaangalia kichwa cha sanamu, wewe piga magoti chini uone vile imeshikwa na msingi, maji inatokea wapi, bulo zinazofunga ni za inox, chuma isiyoshika kutu, ao za chuma ya kawaida. Hapa kwetu mingi tunafunga shaba moja kwa moja juu ya fremu ya chuma, inapendeza wakati wa kuuza, kisha mvua mbili tatu chuma inaanza kuliwa, juu shaba na chuma vikigusana na maji katikati ni chuma ndiyo inakufa haraka. Lazima kitu kiingie katikati, kauchu (mpira) ao plastiki ngumu. Uone wale wa kule wanatenganisha namna gani. Na uangalie rangi ya bronzi pale maji inateremka na pale imejificha, ile kutu ya kijani haishuki sawa, mafundi wengi huku wanaikwangua kumbe ile ndiyo inalinda.

Na ukirudi twende na ile maarifa ku Picha, wale wa biennale, maonyesho ya sanaa ya kila myaka mbili, ya hapa Lubumbashi, inafanyika tangu 2008. Masanamu ya inje mujini kwetu bado machache mno na shaba inatoka hapa hapa, inaniuma kweli.

Fundi_Katuba
Aksanti sana bote. Ile ya kauchu sikuwaza, niko na lango moja la mukiriya nimeifunga vile vile, kesho naifungua. Swali la mwisho: wanakubali kugusa?

Mukubwa_wa_Ruashi
Kazi zingine zina kibao, soma kwanza. Kupanda juu hapana. Lakini kuchukua kayé na kuchora hakuna mutu atakuuliza, tena beba kalamu ya risasi, bik inakataa kuandika karatasi ikilowa.