Shule ya kulipia imenirudishia mtoto, nimpeleke ya kata?

MamaMigebuka:
Habari za jioni wapendwa. Nauza dagaa na migebuka Kibirizi, hapa Kigoma. Mwanangu yuko kidato cha pili shule ya kulipia, jina naliacha. Ni mtundu, sikatai. Mwalimu akigeukia ubao, yeye anaigiza konda: "Ujiji Ujiji, wawili wa mwisho!" Darasa zima hoi.

Juzi nikaitwa mara ya tatu. Nikapewa soda. Nikajua hapa kuna jambo, maana tangu aanze pale sijawahi kupewa hata maji. Mkuu akasema kwa upole, "Mama, tukuandikie uhamisho, ni heri kuliko kumfukuza." Barua ninayo. Penye tabia wameandika "Nzuri". Nzuri! Na ada ya muhula, laki nne na nusu, imeliwa. Novemba ana mtihani wa taifa.

Shule ya kata itamnyoosha au itamharibu? Baba yake anasema kule ni fimbo tu.

Chaki_na_Vumbi:
Pole dada. Nafundisha sekondari ya kata huku Ujiji. Watoto wa barua hizo nawapokea kila mwaka, na sijaona hata moja iliyoandikwa "tabia mbaya". Nani angempokea? Wenzetu wanachuja, sisi ndio chini ya chujio, hatuna pa kumpeleka. Darasani nina watoto 84. Akiigiza konda kwangu, wa nyuma hawatamsikia.

Fimbo: kanuni inasema visizidi viboko vinne, achape mkuu wa shule au aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kwenye daftari. Daftari tunalo. Ila vya koridoni haviandikwi, sikudanganyi. Ukimleta, muulize mkuu mbele ya mtoto nani anachapa pale.

Mwaka juzi tulikuwa na mmoja kama wako, tukampa kazi ya kugonga kengele, ile rimu ya gari chini ya mwembe.

Mwana_Gungu:
Mwalimu malizia basi, alitulia?

Chaki_na_Vumbi:
Alikuwa anagonga dakika kumi kabla ya hesabu kuisha. Mwezi mzima hatujashtuka. Ila hakukosa shule hata siku moja.

Mzee_wa_Stesheni:
Dada usiwalaumu walimu peke yao. Wangu anasoma ya kulipia, na mwaka jana wazazi tulikwenda kwa mkuu watu sita, tukasema mtoto fulani aondoke la sivyo tunaondoka na ada zetu. Akaondoka kabla ya wiki kuisha. Mimi nilikuwa mmojawapo. Mama yake nakutana naye sokoni Mwanga, tunasalimiana.

MamaMigebuka:
Shikamoo mzee. Asante kwa kusema ukweli, ingawa umenichoma.

Mtoto nimemsomea yote. Alipofika kwenye rimu akacheka, ya kwanza wiki hii. Nikamuuliza kwa nini konda? Akasema mwalimu wa fizikia anaandika ubaoni kipindi kizima bila kugeuka, alitaka tu ageuke.

Jumatatu nampeleka shule ya kata. Barua nitaitoa, lakini nitamwambia mkuu tabia aniulize mimi. Na mwalimu wa fizikia wa pale nitaomba nimwone, hata kama ni dirishani.