Tupeane uzoefu: mliowahi kubishania tovuti mpya ya mradi wa programu huria

Mleta mada
Wakuu, mradi ninaoutumikia kwa kujitolea umefufua tena mjadala wa kubadilisha tovuti. Kuna marekebisho ya kodi (maandishi yanayounda programu) ya kusoma mafaili yamekaa siku nyingi hayana hata mtu wa kuyapitia, ila rangi ya kitufe cha "Pakua" imewaibua watu ambao sijawahi kuwaona. Imenikumbusha mbali. Mliopitia haya, tiririkeni.

seva_baridi
Mambo ya banda la baiskeli hayo. Mwandishi Mwingereza Parkinson aliyaandika mwaka 1957: kamati inapitisha kinu cha nyuklia fasta kwa sababu hakuna anayekielewa, halafu inakesha kwenye banda la baiskeli kwa sababu kila mmoja analielewa. Mwaka 1999 Poul-Henning Kamp aliwakumbusha wenzake wa FreeBSD, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, hilohilo, walipokuwa wanavutana kama amri ya sleep, inayoiambia kompyuta isubiri, ipokee sehemu za sekunde.

Nusu_Biti
Naunga mkono hoja. Kitufe kiwe kijani, tukalale.

Mama Nyaraka
Mimi siungi mkono. Hilo banda limegeuka rungu la kuwanyamazishia watu. Kwenye mradi wetu msanifu alileta maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe. Nikasema hayasomeki kwa wenye uoni hafifu, nikaambiwa "usituletee mambo ya banda". Nikapima: mwongozo wa WCAG, wa kufanya tovuti zitumike na wenye ulemavu, unataka uwiano wa mwangaza kati ya maandishi na mandharinyuma uwe angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na yale hayakufika hata 3. Hiyo siyo ladha ya mtu. Msomaji anafungiwa mlango, halafu mnasema anabishania rangi?

kodi_usiku
Mama Nyaraka umenigusa, wacha nieleze yaliyotukuta.

Tovuti yetu ilikuwa ya kizamani, kurasa sahili zinazozalishwa na mafaili ya maandishi. Akaja kijana mmoja na mchoro mzuri wa ukurasa wa mbele. Tukabishana weee: nembo ikae kushoto au katikati, picha kubwa ya nini, menyu imejificha. Hakuna aliyeuliza anwani za kurasa zitakuwaje. Hakuna hata mmoja. Mwishowe mmoja wa wenye funguo (ruhusa ya kuingia) za seva akachoka na kelele, usiku akaipandisha hewani bila kumwambia mtu.

Asubuhi watumiaji wakaanza kulia. Programu yetu ikikwama hukuonyesha ujumbe wenye linki ya ukurasa wa msaada unaohusika. Zile linki zimo ndani ya programu yenyewe. Matoleo hayo yameshaingia Debian, mfumo huria unaosambaza programu za watu wengi, na kwingineko, yatakaa kwenye mashine za watu miaka, huwezi kuyaita yarudi. Mtu kakwama, anabofya msaada, anakuta 404, yaani ukurasa haupo.

Nikafungua logi za seva, kumbukumbu za kila ukurasa ulioombwa. Mistari inashuka: 404, 404, 404, anwani za miaka na miaka, nyingine zikitoka kwenye mafunzo ya watu tusiowajua. Nikazipanga kwa wingi wa maombi, nikaanza na ya juu kabisa, nikaandika 301 (agizo la kumhamishia msomaji anwani mpya) moja moja kwenda ukurasa mpya. Zipo ambazo ukurasa wake haukuhamishwa kabisa, nikaufukua kwenye historia ya Git, chombo kinachotunza matoleo ya zamani ya mafaili. Wakati naandika, kule wenzangu wanatukanana kuhusu picha ya ukurasa wa mbele.

Yule kijana akaandika, "Nilidhani mnahitaji msaada", akafunga akaunti. Lile bado linaniuma kuliko 404 zote.

Nusu_Biti
Aisee. Na aliyepandisha je? Bado ana funguo?

pikseli
Ndiyo yale yale, msanifu anaondoka na lawama, mwenye funguo anabaki. Nyie watu wa kodi mkipewa kazi ya sura mnaiona mapambo.

kodi_usiku
Soma vizuri mkuu, sijamlaumu kijana. Na ndiyo, funguo bado anazo.

pikseli
Hujamlaumu, lakini wakati anatukanwa ulikuwa kwenye logi.

seva_baridi
Acheni hizo. Pigeni kura. Debian wanapiga kura kwa kupanga chaguo kwa mfuatano na mambo yanaisha.

Mama Nyaraka
Kura ya rangi? Afadhali utaratibu wa Apache, shirika la miradi huria: kwenye kodi, anayeweka -1, yaani kura ya kupinga, lazima atoe sababu ya kiufundi, bila hiyo haihesabiki. "Sijaipenda" siyo sababu.

Tafsiri_Kwanza
Na sisi watafsiri mtukumbuke. Ukibadilisha sentensi moja ya asili ili ipendeze, gettext, zana ya kutunza tafsiri, inaitilia shaka tafsiri yake kwenye lugha zote, na sentensi hiyo inarudi Kiingereza mpaka mtu aipitie upya. Halafu kuna wanaoandika maneno ndani ya picha! Nani ataitafsiri picha?

seva_baridi
Kwa hiyo tusibadilishe kitu?

Tafsiri_Kwanza
Badilisheni, mtuambie mapema.

pikseli
Hata ukiwaambia mapema watalalamika. Wikipedia ya Kiingereza ilipopewa sura mpya Januari 2023, kazi ilikuwa imefanyika hadharani kwa miaka, majaribio yakapita kwenye Wikipedia nyingine kwanza, na bado watu waliwaka kuhusu nafasi nyeupe pembeni. Kilichosaidia, mwenye akaunti anaweza kurudi kwenye sura ya zamani.

Nusu_Biti
Mradi wa watu wachache hauwezi kutunza sura mbili. Anayefanya kazi ndiye aamue.

Mama Nyaraka
Aliyeipandisha usiku si ndiye aliyefanya kazi?

Mleta mada
Nimechukua hili la logi. Leo naziomba za mwaka mzima, nipange anwani zinazoombwa sana kabla hatujagusa rangi. @kodi_usiku, kuna kingine cha kuangalia mapema?

kodi_usiku
Domeini, yaani jina la anwani ya tovuti. Imeandikishwa kwa jina la nani, na nani anailipia? Muulize mwanzilishi wenu wakati bado anajibu barua pepe.

Mleta mada
Whois, orodha ya wenye domeini, haionyeshi jina. Namwandikia sasa hivi.