Mbwa yuajua amekosa, ama yuajua tu umekasirika?

Mkaazi wa Nyali: Wapwani wenzangu, naomba tujadili bila matusi. Jana jioni nimerudi nikakuta kikapu kimepinduliwa jikoni, samaki wawili aina ya changu hawapo. Hata sijafungua mdomo, mbwa wangu Simba ashalala chali, masikio ameyalaza nyuma, anitazama kwa pembe ya jicho mpaka weupe waonekana. Mke wangu asema huyu ajua amekosa. Shemeji asema mbwa hana akili hiyo, ni woga tu. Mwasemaje?

Kijana wa Kisauni: Ajua sana! Mbwa ana akili kushinda watu kadhaa humu, majina nayahifadhi. Kuna mmoja Marekani alijua majina ya vitu mia mbili.

Msomaji wa Tudor: Umechanganya. Wa mia mbili ni Rico, wa Ujerumani, habari zake zilitoka 2004. Wa Marekani ni Chaser, na yeye alipita 1,000, midoli mitupu. Mwenyewe alikuwa profesa mstaafu wa saikolojia, John Pilley, akimfundisha kila siku kwa saa nyingi. Lakini kujua jina la mdoli si kujua dhambi. Hilo la kosa lilipimwa na mtafiti wa mbwa, Alexandra Horowitz, 2009. Mwenye mbwa amkataza mbwa asile kitu, kisha atoka chumbani. Akirudi aambiwa mbwa amekula, na pengine hakula. Ile sura ya "nisamehe" ilifuata kukaripiwa, haikufuata kula. Na waliojikunja zaidi ni wale waliokaripiwa bure.

Mkaazi wa Nyali: Mimi sikumkaripia. Nimeandika sijafungua mdomo. Soma kwanza.

Msomaji wa Tudor: Na ulisimama mlangoni na uso gani? Wa Idi?

Kijana wa Kisauni: 😂😂 Changu wawili kwa bei ya sasa, hata mimi ningelala chali.

Mama Bamburi: Msomaji acha kuukausha mjadala. Wajapani walipima 2015: mbwa na mwenyewe wakitazamana machoni, homoni ya mapenzi yapanda kwa wote wawili, ile ile ya mama na mtoto mchanga. Mbwamwitu waliolelewa na watu haikuwatokea. Wangu mimi nikilia huja kuniwekea kichwa gotini. Huo nao ni woga?

Soja wa Zamani: Samahani wakubwa. Mimi nimelinda geti huko huko Nyali miaka. Mbwa wa bosi alikuwa akila wali kwa nyama ya kusaga, naye soja chai ya rangi na mkate usio na kitu. Akili ya mbwa naijua: gari la bosi alilitambua kwa muungurumo likiwa bado barabara kubwa, akawa ashasimama getini kabla yangu. Mara mbili aliniokoa nisikutwe nimesinzia. Lakini mkimaliza kumpima mbwa, mpimeni na mwenye mbwa.

Mkaazi wa Nyali: Hilo halihusiani na swali. Halafu Simba hali nyama ya kusaga. Ala ugali wa dona na matumbo.

Kijana wa Kisauni: MATUMBO??

Bi Mwanamvita: Haya, leo tumesikia. Matumbo, mwanangu, huoshwa kwa ndimu na chumvi, yakachemshwa mpaka yalainike, yakaungwa kwa tui zito na pilipili mbichi. Wewe wampa mbwa kisha waja kutuuliza kama ana akili! Asiye na akili hapo namjua.

Mkaazi wa Nyali: Bi, kwa heshima, ni pesa zangu.

Bi Mwanamvita: Nimekwambia ni zangu? Na huyo mbwa jikoni aliingiaje? Kikapu hicho hicho ndicho watilia mboga?

Maalim Mstaafu: Sisi Waislamu wa huku wengi ni wa madhehebu ya Shafi, chombo alichoramba mbwa chaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wamaliki wana kauli nyingine, mbwa kwao ni tohara, si najisi. Lakini tusimfanye mbwa adui. Sura ya Maida katika Kurani imeruhusu windo la wanyama waliofundishwa, na mwenye kufundishika ana akili. Na yule bwana wa kwenye hadithi ya Mtume, aliyeteremka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake alisamehewa madhambi.

Kijana wa Kisauni: Basi Maalim yuko upande wetu, mbwa ana hisia!

Maalim Mstaafu: Nimesema ana kiu. Majuto sikuyataja.

Muuguzi Likoni: Mkiwa bado mwabishana, nani kachanja? Watu wakifa kwa kichaa cha mbwa, karibu wote wameambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna anayepona hivi hivi. Ukiumwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha mbio hospitali. Si kubandika pilipili wala mafuta ya taa.

Mkaazi wa Nyali: Simba ana chanjo zote, ana kadi yake, ana daktari wake.

Soja wa Zamani: Daktari wake! Mimi niliumwa na mbwa wa bosi, sindano nikajilipia, na pesa ya siku nilizokosa ikakatwa.

Mama Bamburi: Pole sana, kaka. Lakini si makosa ya mbwa.

Soja wa Zamani: Wala sijamlaumu mbwa, mama. Mbwa aliniuma usiku sina tochi, hakunijua. Asubuhi akaja kuniramba mkono. Bosi mpaka leo sijamwona.

Msomaji wa Tudor: Ingawa kuramba si lazima iwe kuomba radhi...

Kijana wa Kisauni: Wee Msomaji, nyamaza basi!

Mkaazi wa Nyali: Mwanifanya mimi ndiye bosi wake. Simjui huyu bwana. Soja wangu ala vizuri, alala vizuri, hana lalamiko hata moja.

Soja wa Zamani: Ana simu? Mwite humu aseme mwenyewe.

Mkaazi wa Nyali: Yuko zamu.

Bi Mwanamvita: Saa nane hii ya mchana? Si watu wa usiku washakwenda kulala?

Mkaazi wa Nyali: Wa mchana hakuja, kwa hivyo ameendelea.

Soja wa Zamani: Tangu lini?

Mkaazi wa Nyali: Juzi jioni. Lakini tulikuwa twazungumzia mbwa.